Dalali wa bima ya kiwanda amekataa kunieleza kamisheni anayolipwa: je, nina haki ya kujua?

MkamuajiAlizeti (Singida), mleta mada:

Wanajukwaa, salaam.

Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Singida. Mashine tulizinunua kwa mkopo wa benki, na mkataba wa mkopo unatutaka tuwe na bima ya moto na wizi kwa jengo, mashine na akiba ya mbegu na mafuta. Benki imeandikwa kwenye hati ya bima kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa endapo kutatokea hasara. Kwa miaka kadhaa sasa bima hiyo tumekuwa tukiikata kupitia kampuni moja ya udalali iliyoko Dar es Salaam, ambayo tulielekezwa na afisa mikopo. Hakuna mtu wa kampuni hiyo aliyewahi kufika kiwandani kwetu. Kila mwaka hutuma ankara kwa barua pepe, nalipa, kisha hati inakuja.

Mwaka huu nimeshindwa kulipa kimyakimya. Thamani iliyokatiwa bima ni ileile, shilingi milioni 620, na hatujawahi kudai chochote. Mwaka jana kiwango kilikuwa asilimia 0.28, yaani shilingi 1,736,000 kabla ya kodi. Mwaka huu kiwango ni asilimia 0.35, yaani shilingi 2,170,000, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 tunatakiwa kulipa shilingi 2,560,600. Niliuliza sababu, nikajibiwa kwamba soko limepanda. Niliuliza ni kampuni gani nyingine za bima zilizoombwa bei, nikajibiwa kwamba hii ndiyo bora kuliko zote. Hatimaye niliuliza dalali mwenyewe analipwa kiasi gani na kampuni ya bima kutokana na mkataba wangu, na jibu lilikuwa kwamba hilo ni suala baina yao na kampuni, kwa sababu si mimi ninayelipa kamisheni.

Naomba kueleweshwa na wenye uzoefu. Dalali huyu ni wa nani, wangu au wa kampuni ya bima? Nina haki ya kujua anacholipwa? Na bila kuwa mtaalamu wa bima, nitajuaje kama ninatendewa haki?

---

KaraniWaMadai (Dar es Salaam):

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi katika ofisi za udalali wa bima kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, zaidi upande wa madai, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Swali la kwanza lina jibu la wazi. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni ya bima. Ndiyo inayomtuma na ndiyo inayobeba matendo yake. Dalali anamwakilisha mteja, yaani wewe. Wote wawili husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, lakini usajili wao ni tofauti, na jambo la kwanza unalopaswa kufanya ni kuhakikisha huyo anayekutumia ankara amesajiliwa kama nini hasa. Nalisema hili kwa sababu ulielekezwa na afisa mikopo. Tangu mwongozo wa mwaka 2019, benki nazo zinaruhusiwa kuuza bima kama mawakala, na nimekutana na wateja wengi waliodhani wanahudumiwa na dalali kumbe karatasi zao zote zimepita dirisha la bima la benki. Hakuna ubaya katika njia hiyo, ila mteja ana haki ya kuijua kabla ya kusaini.

Mgongano unatokana na ukweli kwamba dalali ni wa mteja lakini analipwa na kampuni ya bima. Kamisheni hukatwa kwenye ada unayolipa. Aliyekuambia kwamba si wewe unayelipa alisema nusu ya jambo. Fedha zimetoka mfukoni mwako zikapita kwa kampuni ya bima kabla ya kurudi kwake, na kadiri ada yako inavyokuwa kubwa ndivyo naye anavyopata zaidi. Tuseme kamisheni ni asilimia 20 ya ada kabla ya kodi, kwa mfano tu: mwaka jana angepata shilingi 347,200, mwaka huu 434,000. Kwa hiyo anapokuambia soko limepanda bila kukuonyesha nukuu hata moja ya bei kutoka kampuni nyingine, una kila sababu ya kutaka maelezo zaidi.

Hata hivyo, ndugu yangu, ningekuwa mimi nisingeanza na kamisheni. Ningeanza na yale ambayo dalali wako hajakwambia kuhusu hati yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wateja wa biashara huumia kweli. Umetaja mambo mawili yaliyonishtua: kwamba hakuna mtu aliyewahi kufika kiwandani, na kwamba thamani ya bima ni ileile kila mwaka.

Tazama akiba yako ya mbegu. Alizeti ya kwenu huvunwa kuanzia mwezi wa tano hivi, na kufikia katikati ya mwaka maghala yamejaa, ilhali Januari yana magunia machache. Kama akiba imeandikwa shilingi milioni 150 kwa hesabu ya Januari, na moto ukatokea Julai wakati ghala lina mbegu za shilingi milioni 400, kampuni ya bima haitatazama hasara peke yake. Itauliza ulipaswa kukata bima ya kiasi gani siku ya moto. Hasara ikiwa ni shilingi milioni 80, mkadiriaji wa hasara atazidisha 80 kwa 150 na kugawanya kwa 400, na utapata milioni 30. Milioni 50 zinazobaki ni zako, na bado hawajaondoa ile sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe. Kifungu kinachoruhusu hesabu hiyo kimo katika karibu kila hati ya bima ya moto. Ipo namna ya kulikwepa tatizo: unakata bima kwa kiwango cha juu kabisa cha akiba, kila mwezi unapeleka taarifa ya thamani iliyopo ghalani, na mwisho wa mwaka ada inarekebishwa kulingana na wastani wa taarifa zako. Dalali anayeijua biashara ya mazao angelipendekeza hilo tangu mwaka wa kwanza.

La pili ni mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mbegu. Mashudu ya alizeti yakirundikwa yakiwa bado na mafuta na joto la mashine, yanaweza kupata moto yenyewe, bila kiberiti wala hitilafu ya umeme. Hati ya kawaida ya bima ya moto huitoa kwenye kinga mali iliyoharibika kwa joto lake yenyewe. Kinga hiyo hununuliwa kwa nyongeza, na mara nyingi kampuni ya bima huweka masharti kuhusu kimo cha rundo, nafasi kati ya marundo na muda wa kupoza kabla ya kuhifadhi. Fungua hati yako leo utafute maneno hayo. Kama nyongeza haipo, basi kwa miaka yote hiyo umekuwa ukilipia kinga ya moto ilhali chanzo cha moto kinachojulikana sana katika viwanda vya aina yako hakimo kikamilifu.

Uwazi ninaoutaka mimi kwa dalali uko hapo: amweleze mteja kwa lugha anayoielewa, na kwa maandishi, mambo ambayo bima haitalipa, na amweleze kabla fedha hazijatoka.

---

FundiSamaniKeko:

Mimi nashauri jambo moja tu: achana na madalali, nenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni ya bima mjini Singida au Dodoma. Sisi hapa Keko tuna karakana za samani zilizobanana, moto ni hofu yetu ya kila siku, na baada ya Soko la Kariakoo kuungua Julai 2021 wengi wetu tulianza kutafuta bima. Wale waliopitia kwa watu wa kati waliambulia makaratasi wasiyoyaelewa. Ukienda mwenyewe unaongea na mwenye mali na ile kamisheni inabaki kuwa punguzo lako.

---

DalaliMwenyeLeseni:

Naomba kutofautiana na ndugu wa Keko, na kwa sehemu na KaraniWaMadai pia.

Mimi nina kampuni ya udalali, na sitaficha kwamba naongea nikiwa na maslahi. Ukienda moja kwa moja kwa kampuni ya bima, ni nadra ada kushuka kwa kiasi cha kamisheni. Mara nyingi utalipa bei ileile na kampuni itabaki na sehemu ambayo ingemlipa dalali, kisha siku ya hasara utakuwa peke yako mbele ya mkadiriaji aliyeteuliwa na kulipwa na kampuni hiyohiyo. Mwenye kiwanda hana muda wa kujua tofauti ya hati moja na nyingine, na afisa mauzo wa kampuni ya bima hana sababu ya kumwambia kwamba hati ya kampuni jirani ina masharti mepesi zaidi. Kazi hiyo ni yangu, na ni kazi inayostahili kulipwa.

Kuhusu kutangaza kamisheni, wasiwasi wangu ni kwamba mteja akishaona tarakimu ile huacha kutazama kitu kingine chochote. Ataona shilingi 434,000 na kuuliza ni kwa kazi ya barua pepe mbili. Hataona kwamba mwaka ambao atapata hasara, kamisheni hiyohiyo ndiyo itakayolipia miezi ya kufuatilia madai yake, safari za Singida na vikao na mkadiriaji. Mimi wateja wangu nawaambia wanipime kwa madai niliyowasaidia kulipwa, na kwa muda uliotumika. Hicho ndicho kipimo cha haki, na ni kipimo ambacho dalali mvivu hawezi kukipita.

Pamoja na hayo, nakubali kwamba dalali aliyekataa kuonyesha nukuu za bei za kampuni nyingine hana utetezi. Hizo si siri yake. Aliziomba kwa jina la mteja, kwa taarifa za mteja, na ni mali ya mteja. Na kama hakuziomba kabisa, basi hakufanya kazi aliyolipwa kuifanya.

---

WakiliDodoma:

Nimefurahi kwamba dalali amejitokeza kuzungumza bila kujificha, lakini hoja yake ya kamisheni siikubali, na nitaeleza kwa nini.

Mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine hana ruhusa ya kupata faida ambayo aliyemtuma haijui. Hii ni kanuni ya zamani katika mfumo wetu wa sheria, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, ikiwemo wajibu wa mwakilishi kutoa hesabu kwa aliyemtuma anapotakiwa kufanya hivyo. Kila mfanyabiashara anajua kwamba madalali wa bima hulipwa kamisheni, kwa hiyo kamisheni ya kawaida haiwezi kuitwa ya siri kwa sababu tu haikutajwa kwenye ankara. Lakini mteja anapouliza waziwazi, kwa maandishi, na dalali akajibu kwamba hayamhusu, hapo mambo yamebadilika. Haijalishi kama mteja ataielewa vibaya tarakimu hiyo. Anayefanya kazi kwa niaba yangu hana mamlaka ya kuniamulia ni ukweli upi ninaoweza kuubeba. Uingereza, ambako sehemu kubwa ya kanuni zetu za bima ilitoka, kanuni za msimamizi wa sekta ya fedha zinamtaka dalali amweleze mteja wa biashara kamisheni yake mara mteja anapoomba. Hakuna dalali wa London aliyefilisika kwa sababu hiyo.

Zaidi ya kamisheni ya kawaida, kuna malipo ambayo mteja hafikirii kabisa kuyauliza. Baadhi ya kampuni za bima humlipa dalali bonasi mwisho wa mwaka kulingana na wingi wa biashara aliyowaletea, au kulingana na udogo wa madai yaliyotoka katika biashara hiyo. Fikirini maana ya aina hii ya pili: dalali wangu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha ninalipwa, anapata zaidi kama wateja wake hawakulipwa sana. Malipo ya namna hii yasipotajwa, mteja hawezi kujua ushauri anaopewa umeelekea wapi.

Hili si jambo la kufikirika. Oktoba 2004 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliifungulia kesi ya madai Marsh & McLennan, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika udalali wa bima. Madai yalikuwa kwamba wateja wa biashara walikuwa wakisukumwa kwenye kampuni za bima zilizolipa bonasi hizo, na kwamba nyakati nyingine nukuu za bei za uongo zilipangwa ili mteja aamini kwamba ushindani ulifanyika. Januari 2005 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 850 za kuwafidia wateja na kuachana na bonasi za aina hiyo. Wateja wale walikuwa na wahasibu na wanasheria wao, na bado hawakuona. Mwenye kiwanda cha alizeti ataonaje, kama hakuna anayelazimika kumwonyesha?

Kwa hiyo, ndugu mleta mada, usipige simu. Andika barua. Mwombe dalali aeleze amesajiliwa kama nani. Analipwa asilimia ngapi ya ada yako. Kama kuna bonasi, zawadi, mkopo au malipo mengine yoyote kutoka kampuni hiyo ya bima. Na kama yeye au wamiliki wake wana hisa katika kampuni hiyo au kinyume chake. Aambatanishe nukuu zote za bei alizopokea, pamoja na majibu ya kampuni zilizokataa. Weka tarehe ya kujibiwa. Ukipuuzwa, malalamiko yako yapeleke kwa maandishi kwa uongozi wa kampuni ya udalali, kisha TIRA, ambayo inasimamia madalali wote Tanzania Bara na Zanzibar. Ukifikia hatua ya mgogoro wa fidia na kampuni ya bima, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Watakachokuuliza wote ni maandishi, na mteja asiye na barua hata moja huanza safari akiwa amechelewa.

---

BandariniMombasa:

Nachangia kutoka Kenya, ambako ninaendesha ghala la kuhifadhi mizigo. Huku kwetu ada ya bima huja na makato ambayo lazima yaonyeshwe: ushuru wa mafunzo asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Ada ikiwa shilingi 200,000, utaona 400, utaona 500, utaona 40, jumla shilingi 200,940. Kila shilingi ya serikali imeandikwa mstari wake. Kamisheni, ambayo hata ikiwa asilimia 15 tu ni shilingi 30,000, haimo popote kwenye karatasi hiyo, ingawa sheria yetu imeiwekea ukomo na kila mtu wa bima anaijua. Kama stempu ya shilingi 40 inastahili mstari wake, sioni kwa nini malipo makubwa hivyo yanyimwe mstari.

Mimi dalali wangu nilimwomba aiweke, akaiweka. Nilichogundua ni kinyume cha anachohofia ndugu DalaliMwenyeLeseni. Baada ya kuiona nilianza kumpigia simu zaidi. Nilimwomba aje ghalani kukagua, nikamwomba asome mkataba wangu na wenye mizigo ili kuona kama dhamana ninayobeba inalingana na bima niliyo nayo, na kwa kweli haikulingana, kwa sababu mkataba ulinibebesha uharibifu wa maji na hati ya bima haikuwa na kinga hiyo. Alirekebisha. Nisingejua analipwa kiasi gani, ningeendelea kuona aibu kumsumbua kana kwamba ananifanyia hisani.

---

DalaliMwenyeLeseni:

Ndugu wa Mombasa, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Sikuwahi kulitazama suala hili kutoka upande wa mteja anayeona haya kuomba huduma ambayo tayari ameilipia. Kuhusu bonasi za mwisho wa mwaka nakubaliana na wakili bila masharti: yule anayezipokea na azitaje. Kamisheni ya kawaida nitaendelea kuitaja kwa anayeuliza, na kwa asiyeuliza nitaandika angalau kwamba naipokea na kwamba ana haki ya kuuliza.

---

MkamuajiAlizeti, mleta mada:

Nawashukuru nyote. Niliandika barua kama alivyoelekeza wakili, na majibu nimeyapata, ingawa si kamili.

Kampuni ile kweli imesajiliwa kama dalali. Wametaja asilimia ya kamisheni. Kuhusu bonasi wamejibu kwamba mikataba yao na kampuni za bima ni ya siri, sentensi moja tu. Nukuu za bei hawakuambatanisha za mwaka huu, lakini siku mbili baadaye walinitumia mbili mpya, na moja kati yake ni ya asilimia 0.29 kwa thamani ileile. Maana yake ni kwamba bei ya chini ilikuwepo sokoni, na haikutafutwa mpaka nilipouliza.

Nimefungua hati pia. KaraniWaMadai, ulichosema kuhusu mashudu ndicho nilichokikuta: mali inayoharibika kwa joto lake yenyewe haimo, na hakuna nyongeza. Sisi tunarundika mashudu kwenye banda lililoshikana na ghala la mbegu. Nimeanza kulihamisha rundo kabla hata ya kumaliza suala la bima.

Kuna dalali mwingine, yuko Dodoma, ambaye amekuja kiwandani mwenyewe, akapima banda, akaomba kuona daftari la akiba la miezi kumi na miwili. Nataka kuhamia kwake. Je, ninaweza kuhama sasa, ilhali hati ya sasa inakaribia kuisha na benki nayo inataka uthibitisho? Na je, hiyo nukuu ya asilimia 0.29 niikubali?

---

KaraniWaMadai:

Unaweza kuhama wakati wowote. Dalali hakumiliki. Unaandika barua ya uteuzi kwenye karatasi yenye nembo ya kiwanda, ukieleza kwamba kuanzia tarehe fulani dalali wako ni fulani kwa bima zote au kwa zile unazozitaja, na nakala unaipeleka kwa kampuni ya bima na kwa dalali wa zamani. Kamisheni ya kipindi ambacho umekwisha kulipia kwa kawaida hubaki kwa dalali wa zamani, jambo ambalo halikuhusu wewe. Kama una madai yoyote yaliyo wazi, eleza katika barua hiyohiyo nani atayafuatilia. Kwa bahati wewe huna.

Nukuu ya asilimia 0.29 usiikubali kwa kuangalia bei peke yake. Mpe dalali wa Dodoma aisome sambamba na ile ya 0.35, kifungu kwa kifungu: kinga ya mashudu, sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe, masharti ya mlinzi na vizima moto, na kama mashine zimekatiwa bima kwa bei ya kununua mpya leo au kwa thamani baada ya uchakavu. Tofauti kati ya hati hizo mbili kwa ada ni shilingi 372,000 kabla ya kodi. Inawezekana ni akiba halali, na inawezekana kuna kitu kimeondolewa. Mwambie akuandikie ukurasa mmoja wa tofauti hizo na ausaini. Ukipata hasara huku ushauri aliokuandikia haukuwa sahihi, ukurasa huo ndio utakaokuwezesha kumdai yeye.

Sasa suala la tarehe, ambalo ndilo la haraka. Hapa nchini kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Usiiache hati ya sasa ifike mwisho huku mazungumzo yakiendelea, hata kwa siku moja, kwa sababu utakuwa umevunja mkataba wa mkopo na kiwanda kitakuwa hakina kinga. Mwombe dalali mpya apate masharti yote kwa maandishi angalau wiki mbili kabla, uyapeleke benki wayakubali pamoja na kampuni ya bima iliyopendekezwa, kisha ulipe kwenye akaunti ya kampuni ya bima yenyewe na si ya mtu binafsi. Hati ya kinga ikitoka, ihakiki siku hiyohiyo kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA wa kuhakiki hati za bima, ukilinganisha jina la kiwanda, tarehe ya kuanza, na thamani ya akiba ya Julai, si ya Januari.